Ndoo ya mama mdogo haikustahili kubaki jikoni

Wiki mbili zimepita na moyo wangu bado haujatulia. Shaabani hii ndoa zimepandana kama kawaida, na Jumamosi ile tulikuwa Mbagala, Dar es Salaam, kumuoza binti yetu. Joto mnalijua wenyewe, lile la kaskazi inapoelekea kuisha, jasho linakutiririka ukiwa umekaa kivulini hufanyi kitu. Mama mdogo aliswali alfajiri, akatandika mkeka uani, akaanza kukamua ndimu. Zilikuwa zaidi ya mia mbili. Saa nne jua limeshapanda, naye bado yupo palepale, kisu mkononi, beseni mbele yake. Shira alishaipika usiku. Barafu alianza kuigandisha Jumatano, kwa maji aliyoyachemsha mwenyewe. Mnanaa aliuchambua jani kwa jani. Zikajaa ndoo mbili za lita 20, maji ya ndimu na mnanaa.

Wageni walipoanza kuingia, dada mmoja wa kamati akaja mlangoni mwa jikoni. Alisema kwa adabu kabisa: "Mama, hiyo iwe ya watu wa jikoni. Wageni wana soda zao." Mama mdogo akajibu, "Haya, mwanangu." Akachukua sinia, akafunika ndoo.

Yule dada simsemi vibaya. Alisema tunachokiamini karibu wote katika jiji hili, kwamba mgeni wa heshima anapewa chupa, na kilichotengenezwa kwa mikono ni cha wapishi, watoto na watu wa nyumbani. Kamati ya harusi inakaa vikao sita, na kwenye kila kikao mjadala wa vinywaji ni kreti ngapi. Hakuna anayeuliza kama kuna kitu kingine cha kunywa duniani.

Najua tulikolitoa wazo hili. Nilipokuwa mdogo, Magomeni, mgeni akiingia tu mama alinikonyeza, nami nikachukua chupa tupu chini ya meza na kukimbia nayo dukani, maana bila chupa hupewi soda. Unarudi nayo baridi imejaa matone, inawekwa kwenye kisahani na kifunguo pembeni. Mgeni akinywa nusu, sisi watoto tulikuwa tunaihesabu ile nusu iliyobaki. Soda ilikuwa mara moja kwa mwezi, pengine Idi kwa Idi. Kwa hiyo ni kweli, chupa ile ilibeba heshima, kwa sababu nyumba ilijinyima ili mgeni anywe.

Lakini leo soda iko kila kioski, kila kituo cha daladala, kwenye ndoo ya kijana anayekimbilia dirisha la basi. Mgeni ameinywa njiani akija kwako. Kumfungulia nyingine hakukugharimu usingizi wala jasho. Mtu aliyekaa juani kwa muda wa saa nne kwa ajili yako, huyo ndiye amekuheshimu, na sisi ndio tuliomwambia afunike ndoo yake.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba watu hawahawa tunakilipia kinywaji hikihiki tukikikuta kwingine. Mwezi mmoja kabla ya harusi nilikaa mkahawa mmoja wa Masaki nikaagiza mojito isiyo na pombe. Shilingi 12,000. Nikaletewa glasi ndefu yenye sharubati ya kijani ya dukani, maji ya gesi, kipande cha ndimu ukingoni na jani moja juu. Nilikunywa nikimkumbuka mama mdogo. Yake ilikuwa bora mara kumi, na hakuna aliyewahi kumlipa hata asante ya kutosha.

Na hilo jina linanisumbua. Mojito ni ya Cuba, ya Havana, na ndani yake kuna ramu, haki yao. Ukisema "mojito isiyo na pombe" unasema kuna kitu kimetolewa, kwamba unachokunywa ni pungufu. Shangazi yangu mmoja hataki hata kusogelea glasi yenye jina hilo, na simlaumu. Sasa cha mama mdogo kilipungukiwa nini? Hakikuwahi kuwa na ramu hata siku moja. Ni maji ya ndimu na mnanaa, basi, na yamekamilika.

Tena sisi wa pwani ndio tulipaswa kuwa wa mwisho kuyaonea haya. Ndimu na muwa asili yake ni upande wa Asia na visiwa vya jirani yake. Vilizunguka na majahazi ya bahari hii karne nyingi kabla ya Columbus kuvipeleka visiwa vya Karibea katika safari yake ya pili, mwaka 1493. Sikilizeni na maneno yenyewe: mnanaa ni Kiarabu, sukari ni Kiarabu, barafu ni ya Waajemi na Wahindi. Hatukuyapata maneno haya kwenye menyu ya hoteli. Yapo midomoni mwetu kwa sababu vitu vyenyewe vilipita mikononi mwetu. India wana maji yao ya ndimu ya chumvi na sukari, Lebanoni na majirani zake wana limonana yao, limau na mnanaa, na wanampa mgeni kifua mbele. Hapa kwetu hata muuza miwa wa pembeni mwa barabara anajua: hapitishi muwa kwenye mashine yake bila kuweka ndimu na tangawizi.

Sasa nikubali jambo moja, ingawa silipendi. Sehemu ya dharau hii tumeitafuta wenyewe, kwa kukitengeneza vibaya. Nimekunywa vya ajabu kwenye shughuli za watu. Kosa kubwa ni blenda. Mtu anachukua ndimu nzima na ganda lake, mnanaa na vishina vyake, sukari, anasaga vyote kwa pamoja. Dakika tano za kwanza ni kitamu na rangi inavutia. Baada ya saa moja kimekuwa kichungu na kimegeuka rangi ya kisamvu kilicholala. Uchungu unatoka kwenye ile nyama nyeupe ya ndani ya ganda na kwenye kokwa zilizosagwa, na unaongezeka kadiri kinavyokaa. Rangi ni majani yaliyochanwachanwa yakakutana na hewa na uchachu. Mgeni akinywa hicho, atatamani soda, na atakuwa na haki.

Mama mdogo anafanya hivi, nami nimejifunza kwa kukaa pembeni yake.

Ndimu haangalii ukijani. Anashika moja moja anapima uzito; anachukua zenye ganda jembamba na laini, na zile zilizoanza kuwa manjano ambazo wengine wanazitupa pembeni, maana ndizo zenye maji mengi. Kabla ya kukata anaiviringisha kila moja chini ya kiganja mpaka ilegee. Anakamua kwa mkono, hasagi wala habani ganda mpaka tone la mwisho, kisha anachuja. Ndimu zikamuliwe siku hiyohiyo. Za jana zimeshapoteza ile harufu kali ya mwanzo.

Sukari haitii kwenye maji baridi, itakaa chini ya ndoo na wa mwisho ndio watakunywa asali. Anapika shira, nyepesi kuliko ya kaimati: kikombe cha sukari kwa kikombe cha maji, ikishayeyuka tu anazima moto. Hapo ndipo anapotia vishina vya mnanaa, vile ambavyo sisi tunatupa, pamoja na maganda ya ndimu mbili tatu aliyoyamenya kwa kisu kikali, kijani peke yake bila weupe. Anafunika nusu saa, anachuja, anaacha ipoe. Ukifunua sufuria ile, harufu inafika barazani.

Majani yenyewe hayapikwi wala hayatwangwi. Anayaweka kwenye kiganja, anayapiga kwa kiganja cha pili mara moja, paa, kama anayepiga kofi, anayatumbukiza. Nikamuuliza kwa nini asitwange kwenye kinu kama nilivyoona watu wakifanya. Akanivunjia jani moja, akanionyesha upande wa chini. "Harufu iko juu juu hapa, mwanangu. Ukiliponda unapata majani, hupati mnanaa." Jaribuni. Jani lililopigwa linabaki zima na kijani mpaka jioni.

Kwa glasi moja ya mililita 300, vijiko vikubwa viwili vya maji ya ndimu, viwili vya shira, punje chache za chumvi, majani sita au nane, barafu, halafu maji baridi. Chumvi msiiache, inaua uchungu kidogo uliobaki. Anayetaka gesi aweke maji ya soda mwishoni kabisa, kwenye glasi, asiweke kwenye ndoo. Na kwa wanaohesabu sukari: hapo kuna vijiko vya chai kama vinne, wakati soda ya kola ya mililita 350 ina zaidi ya gramu 30, yaani zaidi ya vijiko saba.

Mnanaa sokoni ukisema minti utaeleweka pia, na soko la Kisutu haukosekani. Chukueni ule wa majani yenye mikunjo na harufu tamu, unaotiwa kwenye chai na biriani. Lakini kununua kila wiki ni kupoteza pesa. Mimi nilitoa shina moja kwenye fungu, nikakwanyua majani ya chini, nikalisimamisha kwenye glasi ya maji dirishani. Siku ya nane niliona vijizizi vyeupe, vyembamba kama uzi wa cherehani, vinatokeza pale kwenye kifundo. Nikapanda kwenye ndoo ya rangi iliyotobolewa chini. Jua la mchana la Dar linauunguza, kwa hiyo uko pembeni ya mlango ambapo unapata la asubuhi tu, na maji kila siku. Msiupande ardhini bila mpaka, utameza bustani nzima.

Kuna hoja ya usalama, na hii naiheshimu. Tulioshuhudia kipindupindu cha mwaka 2015 katika jiji hili hatuwezi kumcheka mtu anayeogopa kinywaji cha ndoo. Chupa imefungwa, unajua haijaguswa. Uchachu wa ndimu hausafishi maji, yeyote anayewaambia hivyo msimsikilize. Jibu ni maji yachemshwe, barafu itoke kwenye maji hayohayo yaliyochemshwa, mikono ioshwe, na anayegawa achote kwa upawa mmoja wenye mpini mrefu, asiwaachie watu watumbukize vikombe. Mama mdogo alifanya yote hayo. Hakuna aliyemuuliza.

Na bei? Wanaodhani ni kinywaji cha kubana matumizi hawajawahi kwenda sokoni ndimu zikiwa adimu. Kwa shughuli ya watu mia mbili unaweza kukuta gharama haipishani sana na kreti, na kazi ni mara ishirini. Hiyo kazi ndiyo ninayoizungumzia tangu mwanzo.

Ramadhani inaingia, na baada ya Idi tunaoa, safari hii ni kaka yangu. Kikao cha kwanza ni Jumapili. Nitakaa pale, na tutakapofika kwenye kipengele cha vinywaji nitaomba iandikwe: maji ya ndimu na mnanaa, meza kuu, glasi za kioo. Kreti chache ziwepo kwa anayetaka, sina ugomvi. Wakipiga kura nikashindwa, nitarudi kikao cha pili.

Jana nilipita Mbagala kumpa habari hiyo. Alicheka, akanyoosha mkono kunipokea mfuko, nikaona migongo ya viganja vyake vyote viwili ina madoa meusi, mengine yana umbo la mchirizi kabisa, pale maji yalipotiririka kuelekea kifundo cha mkono. Ndimu ikikaa kwenye ngozi halafu jua likaipiga, inaunguza hivyo, na alama hukaa wiki kadhaa. Alisema hayaumi tena. Nimemwambia safari hii hatakaa uani. Tutakamua kibarazani, kwenye kivuli, tukiwa watu wanane, na kila mmoja atakuja na kisu chake.