Je, Miti Inaweza Kufuta Kaboni ya Makaa ya Mawe?

Hoja kwamba hewa ukaa ya makaa ya mawe inaweza kufidiwa kwa kupanda miti haikuzuka hewani. Kila mwaka mimea ya nchi kavu hufyonza zaidi ya tani bilioni 100 za kaboni kwa usanisinuru, ilhali makaa ya mawe, mafuta na gesi vikichomwa hutoa takriban tani bilioni 10. Anayetazama tarakimu hizo peke yake atadhani kwamba kuongeza misitu kidogo kunatosha.

Kinachokosekana hapo ni safari ya kurudi. Karibu kaboni yote inayoingia katika mimea hurejea angani: takriban nusu kwa upumuaji wa mimea yenyewe, na sehemu kubwa ya iliyobaki kwa kazi ya kuvu na bakteria wanaoozesha majani, mizizi na magogo, au kwa moto. Safari hiyo huchukua siku, miaka, na katika shina la mti mkubwa hata karne kadhaa. Kaboni ya makaa ya mawe, kwa upande wake, ilikaa nje ya mzunguko huo kwa mamilioni ya miaka, na ikishachomwa, njia ya asili ya kuirudisha mwambani ni kulika kwa miamba kwa maji ya mvua na kutuama kwa chokaa kwenye sakafu ya bahari, kazi inayohitaji mamia ya maelfu ya miaka. Msitu huishikilia kaboni hiyo maadamu umesimama, ukiungua, huiachilia.

Hata hivyo, watetezi wa misitu wana jibu zito. Bahari na nchi kavu humeza takriban nusu ya kaboni tunayotoa. Pasipo umezaji huo, kiwango cha hewa ukaa angani, ambacho mwanasayansi wa Marekani Charles David Keeling alikikuta kwenye sehemu 315 hivi kwa milioni alipoanza kupima hewa kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, na ambacho sasa kimepita 420, kingekuwa juu zaidi sana. Tena udongo una kaboni nyingi kuliko angahewa na mimea kwa pamoja, jambo ambalo wapenzi wa miche hawalitaji mara nyingi.

Kwa maoni yangu, basi, kulinda misitu ya kale na ardhi oevu kuna tija kuliko kupanda miche, lakini tani zake zihesabiwe dhidi ya misitu iliyokwisha kukatwa, zisitumiwe kuhalalisha mgodi mpya wa makaa.