Kabla Hujavuka Horohoro

Tanga tuna msemo wetu wa kumtania mgeni: waja leo, waondoka leo. Tangu uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, na fujo zilizoufuata, msemo huo umewageukia wenyeji. Intaneti ilizimwa siku kadhaa nchi nzima, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, na tangu hapo kila kijiwe cha kahawa kuanzia Ngamiani hadi Chumbageni hakikosi mtu anayeuliza vyumba viwili Mombasa vinapangishwa bei gani, na mwenzake anayeuliza Omani siku hizi wanataka nini kwenye viza.

Maswali hayo yanakuja mapema mno. Asiye na karatasi hana la kuamua, ameshaamuliwa. Mimi nashauri karatasi zitangulie, tena wakati mambo yametulia, kisha ndipo mtu akae na wa kwake wajiulize kama kweli wanataka kwenda. Wakijiuliza vizuri, nadhani wengi watabaki.

Pasipoti ya kielektroniki ni shilingi 150,000 na inadumu miaka 10. Fomu inajazwa mtandaoni, unapata namba ya malipo, kisha unakwenda Uhamiaji kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Mtoto naye anahitaji yake, kwa hiyo familia ya watu watano ijiandae kwa 750,000. Pesa hiyo inauma lakini inapatikana. Kinachokwamisha watu ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanahamisi, cheti cha kidato cha nne kinasema Mwanahamis, na NIDA, wale wa vitambulisho vya taifa, wamemwongezea jina la babu ambalo shule haikuwahi kuliandika. Herufi moja tu, na faili linarudi.

Hapa watu hukosea mpangilio. Mtu anakimbilia pasipoti kwanza, akidhani majina atayarekebisha baadaye. Pasipoti inafuata taarifa za NIDA, na NIDA wanataka cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo kosa lililoko chini linapanda hadi juu. Anza na cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Kikishakuwa sawa, rekebisha NIDA. Pasipoti ifuate. Vyeti vya shule viache mwisho: tofauti ndogo ya herufi mara nyingi humalizwa na kiapo mbele ya wakili, na jina likiwa tofauti kabisa utahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa.

Wa Mkinga na kote mpakani na Kenya wana shughuli ya ziada. Mpaka huu waliupatana Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, Wadigo wakabaki huku na huku, na mzee wa Jasini anaweza kuwa na shangazi Vanga na wajomba Lunga Lunga. Afisa akiona hivyo atauliza mzazi wako alizaliwa wapi, na ana haki ya kuuliza. Wazee wengi hawana cheti. Kiapo cha kuzaliwa kinachosainiwa na mzee mwenyewe, angali hai na anaona, ni kazi ya asubuhi moja kwa wakili. Akishafariki, jambo hilohilo linageuka kutafuta mashahidi, barua ya serikali ya kijiji na cheti cha kifo, na pengine kaka zako wawili wasioelewana kuhusu mwaka aliozaliwa baba yao.

Ukishapata vyote, chapisha. Intaneti ilipozimwa, aliyehifadhi vyeti vyake kwenye barua pepe alikuwa sawa na asiye navyo. Seti tatu za nakala zilizothibitishwa na wakili zinatosha: moja nyumbani, moja kwa ndugu wa mji mwingine, moja ya kusafiri nayo. Na pesa vilevile. Programu ya benki haifanyi kazi bila intaneti. Menyu ya nyota na reli haihitaji intaneti, lakini inamhitaji wakala aliyefungua duka na mwenye noti mkononi. Matumizi ya wiki mbili yawe taslimu, kwa noti ndogondogo, maana muuza maji hana chenji ya elfu kumi siku ambayo kila mtu anataka maji. Mwenye mgonjwa wa sukari au presha aweke dawa za mwezi mzima.

Sasa lile swali gumu: unakimbia nini, hofu au njaa? Vyote viwili ni sababu halali za kuondoka. Lakini vina milango tofauti, na anayeingia kwa mlango wa mwenzake hujikwaa.

Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unamlinda mwenye hofu ya msingi ya kuteswa kwa sababu ya rangi au kabila, dini, utaifa, kundi fulani la kijamii au maoni ya kisiasa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) wa 1969 uliongeza kwa Afrika anayekimbia matukio yaliyovuruga vibaya usalama wa umma. Kwa Ulaya na Marekani, kusema tu kwamba hali ya nchi ni mbaya ni maneno ya kijiweni. Wanataka kujua wewe, kwa jina lako, ulifanyiwa nini, na nani, lini, na kwa nini hukuweza kuhamia mkoa mwingine. Ushahidi wake ni karatasi ambazo watu huzitupa: wito wa polisi, namba ya RB ya kituo cha polisi, fomu ya polisi PF3 iliyojazwa hospitali, picha ya jeraha yenye tarehe, barua ya kusimamishwa kazi. Maombi mengi huharibika kwenye tarehe. Mtu anasema Jumanne kwenye mahojiano ya kwanza, Alhamisi kwenye ya pili, na kuanzia hapo hata ukweli wake unatiliwa shaka. Andika mfululizo wa matukio mapema, kwa mkono wako, kumbukumbu ikiwa mbichi.

Zipo na bei ambazo mawakala wa safari hawazitaji. Marekani, ombi la hifadhi linatakiwa ndani ya mwaka mmoja tangu uingie. Uingereza, mwombaji anakaa miezi 12 kabla hata ya kuruhusiwa kuomba kibali cha kufanya kazi. Kubwa zaidi, aliyepewa ukimbizi akirudi nyumbani, au akienda kuomba pasipoti mpya kwenye ubalozi wa nchi aliyoikimbia, anaweza kuhesabiwa kwamba amejirudisha chini ya ulinzi wa nchi hiyo, na hifadhi ikafutwa. Mama akifariki Pongwe, utafuatilia mazishi kwa simu. Kwetu pwani, kushindwa kumzika mzazi si jambo la kutiwa saini haraka. Ndiyo maana namwona anayeomba ukimbizi kama njia ya mkato ya kupata kazi anajifungia mlango ambao hakuna aliyekuwa ameufunga.

Mwenye njaa atafute kibali cha kazi au cha masomo, na ajue kwamba huko nako pamebana. Viza ya Schengen ni yuro 90 zisizorudi hata ukinyimwa, na juu yake bima ya safari yenye kinga isiyopungua yuro 30,000. Uingereza wanamtaka mwanafunzi aonyeshe pesa zilizokaa benki siku 28 mfululizo. Kuazima za mjomba siku mbili kabla ya kuchapa taarifa ya akaunti ni kupoteza ada. Marekani, Oktoba 2025, waliiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi ambazo mwombaji wa viza ya matembezi aliweza kudaiwa dhamana ya dola 5,000 hadi 15,000. Omani kuna ndugu na Kiswahili kinazungumzwa, lakini kibali kimefungwa kwa mdhamini mmoja. Ukigombana naye, umegombana na kibali chako.

Turudi Horohoro, kituo cha mpakani na Kenya, maana kwa mtu wa Tanga ndiko fikra hukimbilia. Ni kilomita zipatazo 65 kutoka mjini, kituo ni cha pamoja, na raia wa Afrika Mashariki anagongewa hadi miezi sita bila viza. Kibali cha kazi kinahitajika, ingawa Kenya haiwatozi raia wa Jumuiya ada yake. Wapo wanaokwepa kituo na kupita njia za panya kwa bodaboda ili kuokoa saa moja. Bila muhuri huna tarehe ya kuingia, na bila tarehe huwezi kuongeza muda wala kumwonyesha mwenye nyumba au mwajiri kitu. Mkimbizi wa kweli analindwa na kifungu cha 31 cha Mkataba wa 1951, asiadhibiwe kwa kuingia bila kibali, ila kwa sharti kwamba amejitokeza kwa mamlaka bila kuchelewa. Kujificha Likoni miezi minne si kujitokeza.

Na kama wewe ndiye unayetafutwa kwa jina, Kenya si mbali vya kutosha. Novemba 2024 mwanasiasa wa upinzani Kizza Besigye wa Uganda alichukuliwa Nairobi akaibukia kwenye mahakama ya kijeshi Kampala. Januari 2025 mwanaharakati wetu Maria Sarungi Tsehai alitekwa jijini humohumo na kuachiwa baada ya saa kadhaa. Mombasa inamfaa anayetaka kupisha wiki mbili tatu za moshi. Bajeti yake, kwa maoni yangu, iwe pungufu kabisa miezi mitatu ya matumizi, ikipigwa kwa shilingi ya Kenya, ambayo imekuwa ikizunguka kwenye 19 au 20 za kwetu. Wengi hufika na hesabu za bei ya soko la Mgandini na kuishiwa mwezi wa kwanza.

Mwambao huu umeshaona kuondoka kwa namna mbili. Januari 2001, baada ya mauaji ya Pemba, watu zaidi ya 2,000 walivuka kwa mashua hadi Shimoni, Kenya, pua na mdomo na mpaka wetu. Oktoba mwaka huohuo CCM na CUF wakatia saini Muafaka, na wengi wa waliokimbia walirejea. Miaka 30 kabla ya hapo, mwaka 1971, serikali ilitwaa majengo yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000, yakaenda kwa Msajili wa Majumba. Familia nyingi za Kihindi, za Tanga zikiwamo, ziliondoka kwenda Uingereza na Kanada, na nyingi hazikurudi, kwa sababu hapakuwa na cha kurudia. Tofauti ninayoiona mimi ni nyumba. Mpemba aliacha shamba la karafuu na jirani wa kulitazama.

Basi nyumba yako itazame kama mtu atakayerudi. Sheria yetu ya uraia hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Ukichukua wa kigeni, wa Tanzania unaupoteza, na asiye raia hamiliki ardhi ila kwa uwekezaji. Marekebisho ya 2025 yalileta hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania, na yameilegeza kamba kidogo, lakini hadhi hiyo huombwa na hutolewa kwa masharti. Ukaazi wa kudumu ugenini haukugusi uraia. Kwa wengi huo unatosha.

Anayebaki ndani ya nyumba, hata awe mdogo wako wa tumbo moja, aandikiane nawe mkataba wa upangaji, kodi ikiwa elfu moja kwa mwezi. Watu huona aibu hapo. Lakini muda wa kudai ardhi mahakamani ni miaka 12, na mtu aliyekaa muda huo bila karatasi inayosema yeye ni mpangaji ana maneno ya kumwambia hakimu. Hati ya uwakilishi isiwe ya jumla. Itaje kiwanja namba fulani, kazi fulani, na iseme wazi kwamba kuuza hakumo. Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, kwa hiyo nyumba iliyofungwa bila kununua umeme inalimbikiza deni kimyakimya. Kodi ya pango la ardhi inadaiwa kila mwaka pembeni. Shamba la michungwa Muheza lenye karatasi ya mauziano tu, bila hati ya kimila, lishughulikie kabla hujanunua begi.

Laini ya simu pia. Namba za siri za benki zinakuja kwa ujumbe kwenye laini hiyo. Isipotumika muda mrefu hufungwa, na kuirudisha kunataka kidole chako mwenyewe. Washa huduma ya kutumia laini nje ya nchi ukiwa bado Tanga, uijaribu, na uweke salio.

Nani basi aende? Aliyepokea vitisho vinavyomtaja, aliyeona wenzake wa kundi moja wakichukuliwa, mwandishi au wakili ambaye kazi yake yenyewe ndiyo kosa. Huyo asisubiri ushauri wa kijiweni, na asiwaage watu. Wengine wanaoogopa risasi ya kupotea na maduka kufungwa, nionavyo mimi, wana safari fupi zaidi: kwa ndugu Korogwe, Lushoto, Pangani, mpaka mji utulie. Fujo hizi hukaa mijini, kwenye barabara kuu na vituo. Kijijini kuna muhogo, kisima, na mtu anayejua wewe ni mtoto wa nani.

Na ile bahasha ya vyeti, popote utakapoamua kwenda au kukaa, iwe ya plastiki yenye zipu na isiwekwe chini ya godoro wala kwenye boksi sakafuni. Unyevu wa huku unafuta wino wa muhuri, na mchwa hawatofautishi hati ya kiwanja na gazeti la juzi.