Spika Ndogo kwa Chumba cha Matofali

Chumba ninachosikilizia muziki kina urefu wa mita 3.6, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.7. Kuta zake ni za matofali ya saruji yaliyopigwa lipu, sakafu ni ya vigae, na juu kuna zege, kwa kuwa tunaishi katika jengo la ghorofa. Nimeanza na vipimo hivi kwa sababu nimefikia kuamini kwamba mtu anayetaka kununua spika za rafu, yaani zile spika mbili ndogo za stereo ambazo kila moja hubebeka kwapani, anapaswa kupima chumba chake kabla hajaingia dukani.

Mimi sikupima. Nilinunua spika zenye wufa (koni ya sauti nzito) za inchi 8 na tundu la hewa mgongoni, baada ya kuzisikiliza katika duka lenye ukubwa wa darasa ambalo milango yake yote ilikuwa wazi kuelekea barabarani. Pale dukani besi ilikuwa nzito na tulivu. Nyumbani besi ileile iligeuka mngurumo, tena si kwa kila nota, bali kwa nota fulani tu. Kila mpiga gitaa la besi aliposhuka kwenye G ya chini, chumba kizima kilivuma, na uvumi ule ulibaki hewani wakati yeye ameshahamia nota nyingine. Nilibadilisha nyaya, nikaazima amplifaya ya rafiki, nikafika hata kuwalaumu waliorekodi nyimbo ninazozipenda.

Maelezo yake ni hesabu ya shule. Katika joto letu, sauti husafiri takriban mita 345 kwa sekunde. Ukigawanya kasi hiyo kwa mara mbili ya urefu wa chumba, unapata sauti ya chini kabisa ambayo kuta mbili zinazotazamana hurudishiana mpaka ikajilimbikiza. Kwa mita 3.6 jibu ni hezi 48, yaani mitetemo 48 kwa sekunde. Kwa mita 3 ni karibu hezi 58. Na kwa kimo cha mita 2.7 ni hezi 64. G ya chini ya gitaa la besi ina hezi 49. Spika zangu hazikuwa na kasoro yoyote: zilitoa hezi 49 kwa nguvu kama zilivyoundwa, na chumba kikaziongezea nguvu nyingine ambazo hakuna aliyeziomba. Chumba kikubwa nacho kina sauti zake za kulimbikiza, lakini za kwanza zake huwa chini mno, na zilizo juu yake husongamana kiasi kwamba sikio haliwezi kuichomoa moja na kulalamika juu yake.

Jambo ambalo mapitio ya spika huwa hayalisemi ni kwamba waandishi wake wengi wanaishi Marekani na Kanada, katika nyumba za fremu za mbao zilizofunikwa kwa mbao za jipsamu. Ukuta wa namna hiyo hunesa kidogo sauti nzito inapoupiga, na kwa kunesa humeza sehemu ya besi. Tofali la saruji halinesi. Linachopokea hukirudisha karibu chote. Kwa hiyo spika ambayo mwandishi wa Chicago anaisifu kwa besi iliyojaa inaweza kuwa balaa katika chumba cha Dar es Salaam au Mombasa, na ile anayoilaumu kwa wembamba wa besi inaweza kuwa ndiyo inayokufaa. Mwenye dari ya jipsamu ana nafuu kidogo kuliko mimi. Na usiku wa joto, unapolazimika kufungua dirisha na mlango, utagundua kwamba besi nayo hutoka nje kidogo, ingawa majirani huenda wasifurahie ugunduzi huo.

Watu hunishauri niweke mapazia mazito na mkeka. Nimeviweka, na vimesaidia kuondoa ule mlio wa bafuni unaotokea ukipiga kofi katika chumba kitupu, lakini havina uwezo juu ya hezi 50. Wimbi la sauti hiyo lina urefu unaokaribia mita 7, na hata godoro la sponji la inchi 6 ulilolisimamisha kwenye kona halitalizuia; litanyonya sauti za kati na za juu, kisha chumba kibaki kizito na chenye giza. Kwa mwenye chumba cha kukodi ambaye hawezi kujenga ukutani mitego ya besi, yaani vifaa vya kunyonya sauti nzito, njia rahisi zaidi ya kupunguza mngurumo ni kununua spika zisizoutoa.

Wazo hili si geni. Katika miaka ya 1970, BBC ilihitaji spika za kukagulia sauti ndani ya magari ya matangazo ya nje, ambamo fundi mitambo hukaa karibu kabisa na spika na kuta za gari ziko mgongoni mwake. Wahandisi wake wakaunda LS3/5A, boksi lisilo na tundu lolote la hewa, lenye kimo cha takriban sentimita 30 na upana wa sentimita 19, na wufa ya inchi 5 iliyotengenezwa na kampuni ya KEF. Besi yake huanza kufifia mapema, kabla hata ya kushuka chini ya hezi 70, lakini ina uvimbe mdogo katika besi ya juu unaofanya sikio lisihisi upungufu. Sikio lenyewe hushirikiana na hila hiyo: G ya hezi 49 huja pamoja na mitetemo yake ya hezi 98 na 147, na ukizisikia hizo vizuri, ubongo hujaza nota iliyo chini yake. Simshauri mtu azitafute spika hizo za zamani, kwa sababu bei yake sasa ni ya wakusanyaji, lakini mantiki yake ndiyo ninayoifuata: wufa ya inchi 4 au 5, boksi lililofungwa ikiwa linapatikana, na kama lina tundu, basi tundu liwe mbele au liwe la kuzibika kwa sponji. Soksi iliyoviringwa pia hufanya kazi hiyo, na sioni aibu kusema kwamba niliitumia miezi mingi.

Baada ya besi, ninaangalia usawa wa sauti pembeni mwa spika. Katika chumba cha upana wa mita 3, sehemu kubwa ya unachokisikia haikujii moja kwa moja kutoka kwenye spika, bali hugonga ukuta wa kushoto, wa kulia na vigae kwanza. Spika inayosikika safi ukiwa mbele yake lakini inayopotosha sauti inazozitupa pembeni itakuudhi zaidi katika chumba kidogo, kwa kuwa pembeni ni karibu. Floyd Toole, aliyefanya utafiti wake katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada jijini Ottawa kabla ya kuhamia kampuni ya Harman, alionyesha kwamba wasikilizaji wasioziona spika wanazolinganisha, na kwa hiyo wasiojua bei wala jina, hupendelea kwa kiasi kikubwa zile zenye sauti sawia mbele na zinazobadilika taratibu pembeni. Vipimo vya namna hiyo siku hizi hupatikana bure kwenye intaneti kwa spika nyingi. Ukiwa dukani unaweza kufanya jaribio la kienyeji: weka sauti ya mwimbaji mmoja, kisha tembea kutoka katikati kuelekea pembeni, ukisikiliza kama anabaki mtu yuleyule au anaanza kuimba kupitia kopo. Mimi huchukua taarabu asilia ya Unguja, kwa sababu ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi, huumbua twita (koni ndogo ya sauti za juu) iliyo kali na sauti ya mwimbaji huumbua kila kitu kingine.

Kuhusu wati sina mengi. Namba za PMPO, yaani nguvu ya kilele cha kufumba na kufumbua, zilizobandikwa kwenye sabufa za madukani ni mapambo. Ukikaa mita 2 kutoka kwenye spika katika chumba kama changu, amplifaya yenye wati 30 za kweli kwa kila upande inatosha na kubaki, isipokuwa spika ikiwa nzito kuendeshwa; LS3/5A, kwa mfano, hutoa takriban desibeli 83 kwa nguvu ileile ambayo spika ya kawaida ya leo hutoa 86 au zaidi, na kila desibeli 3 zinazopungua hudai nguvu mara mbili. Feni ya dari huniharibia muziki niliopunguza sauti kuliko upungufu wowote wa wati.

Anayenunua mtumba aguse kwanza ule ukingo laini unaozunguka koni. Ukiwa wa mpira na bado unanyumbulika, vizuri. Ukiwa wa sponji, ubonyeze kwa kidole kwa upole, kwa sababu sponji ya zamani huoza, na unyevu wa pwani huiharakisha. Nimeshawahi kubonyeza ukingo uliobaki kidoleni kama keki kavu, huku muuzaji akiniapia kwamba zilipigwa jana tu.

Jina la spika za rafu limewapotosha wengi kuziweka rafuni, zikiwa zimebanwa kati ya vitabu na ukuta, au mbaya zaidi kwenye kona, ambako kuta mbili na sakafu huiongezea besi kwa pamoja. Fundi wa kuchomelea alinitengenezea stendi mbili za bomba la mraba, nikazijaza mchanga mkavu, twita ikaja sawa na masikio yangu nikiwa nimekaa. Kiti nacho nilikiondoa ukutani, kwa kuwa mlimbikizo wa besi huwa mkubwa zaidi pale penye ukuta.

Spika nilizo nazo sasa zina wufa za inchi 5 na boksi lililofungwa. Mpwa wangu alipoziona mara ya kwanza aliuliza, "Mjomba, kubwa umezipeleka wapi?" Nilimwekea wimbo wa dansi ambao zamani ulikuwa ukitikisa kabati la vyombo. Alisikiliza mpaka katikati, akaniuliza kama ni rekodi nyingine, maana hii ilikuwa na gitaa la pili la ridhimu ambalo yeye hakuwahi kulisikia.