Bendi ya wawili yaweza kukosa mpiga besi, si besi

Mpiga gitaa hapa Mbeya au Iringa hatafutwi kwa taabu, kwaya za makanisani zimewalea wengi. Mpiga drams naye yupo. Mpiga besi ndiye kazi kumpata, na ukimpata utakuta ana kwaya, ana bendi nyingine na ana harusi ya Jumamosi. Kwa hiyo vijana wawili wakiamua kuanza bila yeye, nawaunga mkono kabisa. Malipo yanagawanywa kwa wawili, mazoezi yanapangwa kwa simu moja, vyombo vinaingia kwenye bajaji. Ninachopinga ni kumwacha mpiga besi na kuiacha na sauti yake. Ukumbi hauulizi nani anapiga besi, lakini isipokuwepo watu hawanyanyuki kwenye viti.

Bendi za wawili zilizofanikiwa hazikuiacha sehemu ya chini wazi. Jack White wa The White Stripes, bendi ya Detroit ya gitaa na drams, alitumia pedali (kifaa cha kukanyaga kinachobadili sauti) inayoshusha sauti ya gitaa kwa okteva nzima, yaani noti ileile ngazi nane chini. Royal Blood wa Uingereza waliacha gitaa, wakabaki na besi na drams. Karibu na sisi zaidi, ng'ambo ya Mto Songwe, Madalitso Band ya Malawi ni watu wawili: mmoja anapiga gitaa huku mguu wake ukipiga ngoma, mwenzake anapiga babatoni, chombo kirefu cha uzi mmoja kilichotengenezwa kwa mkono, na besi yote inatoka humo. Hao ndio ningependa vijana wa Kyela na Tukuyu wawasikilize kwanza.

Kwa mwenye gitaa la umeme, hesabu ni hii. Uzi mnene wa gitaa ukipigwa wazi unatoa kama Hz 82 (mitetemo 82 kwa sekunde). Uzi mnene wa besi unatoa Hz 41. Pedali ya okteva inaziba pengo hilo kwa kuongeza noti iliyo okteva moja chini ya ile unayopiga. Iweke ya kwanza kabisa baada ya gitaa, kabla ya distoshoni (pedali ya kukwaruza sauti), kwa sababu inahitaji sauti safi ili iitambue noti. Tumia pikapu (kinasa mitetemo ya nyuzi) ya upande wa shingo na punguza toni kidogo. Pedali za zamani zinafuata noti moja tu kwa wakati; ukizipigia kodi nzima (noti kadhaa kwa pamoja) zinatetemeka na kugugumia, na wengi hudhani pedali imeharibika. Dawa ni kubadili mkono: kidole gumba kipige noti ya msingi pamoja na kiki (ngoma kubwa ya mguu), kodi ije baadaye kwenye nyuzi nyembamba. Pedali mpya kadhaa zinaweza kushusha noti za chini pekee na kuacha za juu zilivyo. Ukiipata ya namna hiyo, usihangaike na nyingine.

Chagua funguo, yaani noti ambayo wimbo umejengwa juu yake, kwa kufuata spika, si koo peke yake. E ya chini, ule uzi mnene wa gitaa, ikishushwa okteva inakuwa Hz 41, na spika nyingi za inchi 12 za kumbi zetu hazifiki huko. Zinatoa upepo na mtikisiko. A ya uzi wa tano ni Hz 110, ikishushwa ni 55, na hiyo inasikika. Nyimbo za A, B bapa na C zitabeba ukumbi kuliko za E.

Sasa gawa sauti ya gitaa njia mbili. Sauti ya kawaida iende kwenye amplifaya ya gitaa, ya okteva iende kwenye amplifaya ya besi au ya kinanda, au ipite kwenye kisanduku cha DI (kinachounganisha chombo na mikisa bila amplifaya) hadi mikisa. Usiipeleke besi kwenye amplifaya ndogo ya gitaa yenye spika ya inchi 8 au 10. Karatasi ya spika itachanika. Kwenye mikisa, upande wa besi kata kila kitu juu ya Hz 300 hivi, upande wa gitaa kata chini ya 120. Bila hivyo pande mbili zitagombea nafasi moja na mwimbaji hatasikika. Zikiwashwa pamoja sauti ikawa nyembamba kuliko moja peke yake, spika zinavutana kinyume: geuza swichi ya fezi, au badilisha nyaya mbili za spika moja.

Mlio wa mmm mara nyingi hutokea amplifaya mbili zinapochomekwa kwenye soketi tofauti. Zichomeke kwenye ekstensheni moja. Mlio ukibaki, tumia kigawanyio chenye transfoma ndani. Kukata mguu wa ethi wa plagi, jinsi inavyofanywa kumbi nyingi, ni kucheza na uhai: mwimbaji aliyeshika gitaa na kugusa maiki kwa mdomo ndiye umeme utakayempitia. Hilo silifanyii mzaha hata kidogo. Pia soma adapta. Pedali nyingi zinataka volti 9 zenye hasi katikati, na adapta nyingi za dukani zina chanya katikati.

Drams nazo zinabadilika. Kukiwa na mpiga besi, kiki hujazwa mto ili isimwingilie. Bila yeye, toa mto, acha blanketi dogo linaloigusa ngozi kidogo tu, sauti ikae. Ubeti wa pili mpiga drams ahame kutoka haihati (matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu) kwenda tomu la chini, ngoma yenye sauti nzito. Wimbo unanenepa bila mtu wa tatu. Solo ndipo bendi nyingi za wawili zinapoanguka, kwa kuwa gitaa likipanda juu chini panabaki patupu. Piga solo fupi, acha uzi wa tano ulie wazi chini yake. Lupa, pedali inayorekodi kipande na kukirudiarudia, inasaidia wimbo mmoja au miwili, mradi mpiga drams aisikie kwa hedifoni, la sivyo mwendo unaachana ndani ya mizunguko michache.

Wapo watakaouliza kama pedali inafaa kwa sebene. Jibu langu ni hapana. Katika muziki wa dansi besi inajibizana na kiki na gitaa, haishikilii noti za msingi tu, na pedali haijui kujibizana. Mkitaka dansi kwa wawili, mchukueni mpiga kinanda badala ya mpiga gitaa, agawe kinanda, mkono wa kushoto upige besi noti mojamoja. Ray Manzarek wa The Doors alifanya hivyo kwa kinanda maalumu cha besi. Kwa mapambio njia hiyo inatosha kabisa.

Mwisho ni baridi yetu. Juni na Julai, gitaa lililotyuniwa kwenye chumba chenye joto likitolewa nje usiku, Uyole au Makambako, nyuzi zinakaza na sauti inapanda. Vitoeni vyombo nusu saa kabla, mtyuni palepale mtakapopigia. Msimu wa mvua, mabati yakianza kupigwa, msiongeze besi. Ongezeni sauti za kati za gitaa na maiki, maana hizo ndizo mvua inazimeza kwanza.