Kiti kilikaa tupu karibu miezi kumi na moja, halafu mnaniambia siasa hazituhusu

Jumamosi tulikuwa kwa jamaa mmoja hapa Houston, mambo ya nyama choma tu, mimi nikiteta kuhusu hii mipaka mipya ya ubunge Texas, na shemeji yangu huku anageuza mbavu kwa makaa akasema, "Wachana na siasa za wazungu bwana, sisi tulikuja kutafuta." Watu wakacheka, wengine wakaitikia kabisa kama wako kanisani. Nilinyamaza kwa heshima ya mwenye nyumba, na pia nyama ilikuwa inakaribia kuiva, lakini imenikwama hapa kooni tangu siku hiyo kwa hivyo mtanivumilia.

Nusu ya wale waliokuwa wanacheka wanaishi eneobunge la 18 la Texas kwenye bunge la Marekani. Mbunge wao, Sylvester Turner wa Democrats, yule aliyekuwa meya wetu, alifariki 5 Machi 2025, miezi miwili baada ya kuapishwa. Sawa, kifo ni kifo. Gavana Greg Abbott, Republican wa chama cha Trump, akakaa kama mwezi mmoja hivi kisha akatangaza uchaguzi mdogo utakuwa 4 Novemba. Novemba! Sababu? Ati kaunti ya Harris haiwezi kuendesha uchaguzi vizuri kwa hivyo ipewe muda wa kujitayarisha. Huruma hiyo jameni. Kule Florida, Mike Waltz wa Republican aliacha kiti Januari akaenda kumfanyia kazi Trump, na kufikia 1 Aprili kiti kilikuwa kishapata mwenyewe. Sisi Novemba ilipofika wakajitokeza wagombea 16, hakuna aliyevuka nusu, ikabidi duru ya pili, na hiyo duru ya pili ni 31 Januari 2026 ndio Christian Menefee akashinda. Hesabu mwenyewe hiyo miezi. Zaidi ya watu laki saba, wanalipa kodi, hawana mtu wa kuinua mkono.

Na hicho si kiti cha kuokota barabarani. Ni cha Barbara Jordan, mwanamke mweusi wa kwanza kutoka majimbo ya Kusini kuingia bunge hilo. Ni cha Mickey Leland, ambaye alikufa kwenye ajali ya ndege Ethiopia mwaka 1989 akienda kuona wakimbizi kambini. Mtu wa Houston alifia kwetu huko akifuatilia shida za watu wetu, na sisi tulioko Houston tunasema siasa zake hazituhusu. Basi.

Sasa ngoja niwaambie kiti kitupu kinafanya nini. 22 Mei bunge likapigia kura ule mswada mkubwa wa Trump, ule wa kukata Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato cha chini. Ulipita kwa 215 dhidi ya 214. Kura moja! Na wakati huo Democrats watatu walikuwa wamefariki ndani ya miezi mitatu: Turner, Raúl Grijalva wa Arizona, na Gerry Connolly wa Virginia ambaye alikufa siku moja tu kabla ya kura. Nitakuwa mkweli, kuna Republicans wawili hawakupiga kura usiku huo na mmoja wao, Andrew Garbarino, alikuwa amelala, nasema usingizi wa kawaida, kukoroma. Kwa hivyo hata Turner angekuwepo wangemwamsha tu jamaa na mambo yangeendelea. Lakini ona tofauti: wao mbunge wao akilala anaamshwa.

Arizona nao walipofanya uchaguzi Septemba, binti yake Grijalva akashinda, spika Mike Johnson akakataa kumwapisha siku 50. Tuache hiyo.

Najua mtaniuliza kuhusu Democrats. Haya. Ni kweli chama changu kina ugonjwa wa kung'ang'ania viti mpaka kaburini, Grijalva alijulikana ana saratani na bado tukamrudisha, na hiyo ni lawama yetu wenyewe, inaniuma kuandika. Na ramani ya maeneobunge ya Illinois, waliyochora Democrats, ni aibu, ukiiangalia utafikiri mtoto alimwaga uji. Lakini Agosti 2025 ni Texas walioamua kuchora mipaka upya katikati ya muongo, bila kungoja sensa ya kila miaka kumi, kwa sababu Trump alitaka viti vitano zaidi, si sensa, si nini, alitaka tu. Democrats wa hapa wakatorokea Illinois akidi isitimie, wakarudi, ramani ikapita. Mahakama ikaizuia Novemba, Desemba Mahakama ya Juu ikairuhusu. California wakalipiza kwa ramani yao. Siwalaumu hata kidogo. Kwa hivyo Menefee alichaguliwa Januari 2026 kwa mipaka ya zamani, na uchaguzi wa mchujo wa 3 Machi 2026 ukapangwa kwa mipaka mipya. Majirani wawili mtaa mmoja, kila mtu na mbunge wake wa kesho, mwenyewe hajui ni nani.

Mzee mmoja pale akaniambia Kenya ni mbaya zaidi, Banissa walikaa bila mbunge tangu 2023 mpaka Novemba 2025. Ni kweli na ni aibu. Lakini mzee, katiba yetu inasema kiti kijazwe ndani ya siku 90, tulikosa makamishna wa tume ya uchaguzi, IEBC, na kila mtu alijua ni kasoro na alipiga kelele. Hapa gavana anakaa na kalenda, anachagua tarehe, na sheria inamwambia endelea baba.

Turudi kwa shemeji. Mswada ule ulipokuwa bungeni ulikuwa na ushuru wa asilimia 3.5 kwa pesa ambazo mtu asiye raia anatuma nje. Ukashuka, ukapita ukiwa asilimia 1, na tangu 1 Januari 2026 unakatwa kila anayetuma kwa keshi, raia au si raia. Ukitumia akaunti ya benki au kadi ya hapa haukatwi. Shemeji ni mtu wa keshi, haamini benki.

Jana amenipigia. Alienda kumtumia mama dola 400, wakamwongezea nne ambazo hakuzielewa, na anataka kujua kama anaweza kutumia kadi yangu. Nimemuuliza mbunge wake ni nani. Akasema nisimletee siasa.