Siti ni moja, safari ni mbili

Tangu kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, ifunguliwe Muhimbili mwaka 2011, hoja moja haijaacha kurudi vijiweni: mnamtibu teja kwa kumpa kitu kilekile, tofauti ni kwamba sasa anayelipa ni serikali. Hoja hiyo haikutungwa na mjinga. Heroini ikishageuka mofini mwilini inakwenda kukaa kwenye vipokezi vilevile vya ubongo, yaani siti za dawa kwenye seli, ambavyo methadoni hukaa, na zote mbili zinaviamsha.

Ila abiria wawili wanaweza kukalia siti moja na wasifike kumoja. Heroini ya sindano huvamia vipokezi kwa mkupuo, na huo mkupuo ndio stimu yenyewe. Baada ya saa 4 hadi 6 imeshashuka, na muda si mrefu arosto, yale mateso ya kukosa unga, inabisha hodi: miayo, kamasi, mifupa kuuma, tumbo kuvuruga. Hebu piga hesabu. Siku ina saa 24; ukitoa za usingizi, mraibu anasaka kete mara 3 au 4, Jumapili na Idi zimo. Kila mara anahitaji hela, kila mara sindano, na sindano ikizunguka maskani, VVU na homa ya ini vinazunguka nayo. Kioo cha gari kikiibiwa, tunamlaani mwizi. Mimi naiona ile hesabu ya saa 4.

Methadoni ya kunywa hupanda taratibu na kumshikilia mtu siku nzima. Dirishani anapewa kikombe kidogo, anakunywa mbele ya muuguzi, anaambiwa aseme neno ijulikane amemeza, anakwenda zake kubeba zege. Akijidunga baadaye, hapati stimu aliyoizoea.

Wengine wanataka dawa ya kuviziba vipokezi kabisa. Ipo. Naloksoni ni kama kitambaa kilichorushwa dirishani mwa daladala: siti imeshikwa, hakuna aliyekaa. Inamwokoa aliyezidisha unga hadi pumzi zikakatika, lakini mpe teja mzima, dakika chache tu anagaagaa kwa arosto. Hiyo huwezi kuiita tiba ya kila siku.

Wapinzani wana pointi zao, nazo ni nzito. Methadoni hutoka mwilini polepole, hivyo wiki za mwanzo hujilimbikiza na inaweza kuzima pumzi. Ndiyo maana dozi huanza ndogo. Halafu kuna mgonjwa wa TB anayemeza rifampisini, dawa inayolifanya ini liivunje methadoni haraka. Arosto inamrudia, na nyumbani wanasema karudia unga. Dozi ndiyo haitoshi.

Tena mgonjwa mpya anatakiwa kufika kila siku. Mtu wa Chanika au Kigamboni, pembezoni mwa Dar es Salaam, kwenda na kurudi, kibarua bado hajapata. Ningekuwa mpinzani, ningeachana na habari za vipokezi nikapigia kelele hiyo nauli.