Mjomba, Minestrone na Kipande cha Njano

Minestrone, supu nzito ya mboga, ikipikwa Kigenova hapa Italia haikaangiwi kitunguu. Milano wanakaanga, Toscana wanakaanga, lakini Genova mboga zote zinaingia sufuriani mbichi, juu yake maji, chumvi na nusu kikombe cha mafuta ya zeituni, kisha moto mdogo mpaka zijifie zenyewe. Nilimweleza hivyo Mjomba, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, na kila nikimaliza aliitazama sufuria kwa huruma na kuniuliza, "Sasa mjomba, kitunguu mnakaanga saa ngapi?"

Yeye amepika pilau za harusi tangu ujana wake. Supu isiyoanza na harufu ya kitunguu, kwake ni maji yaliyooshewa mboga. Nikamwomba avute subira, kwa sababu Jumapili ile tulikuwa tumemwalika Signora wa ghorofa ya chini, bibi wa miaka 80 na ushei, Mgenova wa kuzaliwa. Kumpikia mtu huyo minestrone ni sawa na kumpikia Mpemba pweza.

Maandalizi yalianza Jumamosi usiku. Nililoweka gramu 250 za maharage makavu ya borlotti, yale yenye madoadoa mekundu. Nikatoa ganda la Parmigiano Reggiano, jibini ngumu ya kukwangua, urefu wa kiganja, nikalikwangua kwa kisu upande wa nje wenye maandishi ya vitone, nikalisuuza na kuliacha pembeni ya sinki likauke. Ganda hilo halitupwi. Si nta wala plastiki, ni jibini ileile iliyokaushwa na hewa kwa miezi isiyopungua 12. Likichemka ndani ya supu saa nzima linalainika na kuachia ladha nzito, ungeapa kuna nyama. Kabla ya hapo ni kitu kigumu, cha njano iliyofifia, kinateleza kidogo mkononi.

Upande wa pili wa sinki, kwenye kisahani, kilikuwepo kipande cha sabuni ya Marseille tunachofulia vitambaa vya jikoni. Nacho kigumu, nacho cha njano iliyofifia, nacho urefu wa kiganja.

Alfajiri Mjomba aliswali, kisha akaona afue kola ya kanzu yake. Mimi nilisikia tu maji yakimwagika bafuni muda mrefu kupita kiasi. Tulipokaa kunywa chai akaniambia kwa upole, mtu asiyetaka kuwaumbua wenyeji wake: "Mjomba, sabuni zenu huku hazitoi povu. Nimesugua mpaka mkono umekufa ganzi. Halafu zina harufu."

Nikamjibu kwamba ni maji, yana chokaa. Jibu la kitaalamu kabisa, maana chokaa kweli huzuia povu la sabuni. Ila halikuhusu.

Saa mbili nikabandika maharage peke yake, kwa maji mapya, bila chumvi. Mwanzoni maharage hutoa povu la kijivu. Unalichota na kulitupa, na likishaisha halirudi. Shika hilo. Baada ya saa moja na robo yalikuwa laini. Kwenye sufuria kubwa nikaweka lita mbili na nusu za maji, viazi 3 (kimoja nilikikata, viwili nilivitia vizima nivipondee humohumo mwishoni, ndivyo vinavyoleta uzito), karoti 2, zukini 2, bilinganya 1, kitunguu 1, bua la seleri, robo ya kabichi na konzi mbili za maharage machanga ya kijani. Kisha borlotti zikafuata. Minestrone ya hapa inatakiwa iwe nzito kiasi cha kijiko kusimama wima, na huliwa vuguvugu, si ya moto. Anayeipenda nyepesi anaongeza mboga zinazotoa maji, mimi simshauri.

Saa nne na nusu zamu ya ganda ilifika, nami nilikuwa nimezama kwenye pesto, rojo ya mrehani ya kutia kwenye supu mwishoni. Kinu cha marumaru, mchi wa mti, punje 2 za kitunguu saumu na chembe za chumvi ya mawe, njugu za msonobari kijiko 1, halafu majani madogo ya mrehani wa Pra, kitongoji cha Genova, yanayozungushwa na kusagwa taratibu badala ya kutwangwa kwa hasira, maana yakipata joto yanakuwa meusi. Parmigiano vijiko 6, pecorino, jibini ya kondoo, vijiko 2, mafuta mwisho. Kazi hiyo haiachwi katikati. Nikasema bila kugeuka: "Mjomba, nisaidie. Kile kipande cha njano hapo kwenye sinki, kisuuze ukitumbukize."

Akasuuza. Akaendelea kusuuza. Nikasikia akilalamika, "Kichafu sana hiki, kila nikikiosha povu haliishi," lakini mchi ulikuwa unagonga na maneno yakapita. Baadaye kidogo, chubwi.

Dakika ishirini hivi baadaye nikafunua mfuniko. Povu limejaa. Nikasema ni la maharage, nikachota. Likarudi. Nikachota tena, likarudi jeupe zaidi, laini, lenye viputo vya rangi za upinde wa mvua. Povu la maharage halina rangi hizo. Nikatazama chini ya povu nikaona jambo la pili: yale macho ya mafuta ya zeituni yanayoelea juu ya supu hayakuwepo hata moja. Nusu kikombe cha mafuta kimeyeyukia ndani ya maji, supu imegeuka nyeupe. La tatu, maharage machanga, ambayo kwa kawaida baada ya kuchemka muda ule huwa yamefifia, yalikuwa ya kijani kibichi cha kuwaka, kama yaliyotiwa magadi. Na ndivyo ilivyokuwa, maana sabuni nayo ni jamii ya magadi: hulainisha maharage na kushika ukijani wa mboga. Kwa macho, sijawahi kuona mboga nzuri namna ile.

Nikaonja ncha ya kijiko. Hapo tupaache.

Nikazamisha upawa nikakiopoa. Pembe zilikuwa zimeliwa, lakini muhuri ulisomeka bila miwani: 72%. Parmigiano haipigwi muhuri wa asilimia.

Mjomba alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono mgongoni, ameridhika. "Sasa ndiyo inaanza kuchanganya," akasema.

Utamwambiaje kaka wa mama yako, mtu uliyempa shikamoo asubuhi ile, kwamba amechemsha sabuni? Nikakificha kipande ndani ya kitambaa. "Mjomba, mboga imeharibika."

Akatikisa kichwa bila kushangaa. "Mimi nilisema. Kitunguu."

Supu niliimwaga chooni kwa awamu, na choo hakijawahi kung'aa vile. Ganda la jibini nililitafuta chini ya sinki, kwenye kapu la taka, nyuma ya friji, halikuonekana. Saa sita na nusu nilibaki na pesto, viazi na konzi ya maharage machanga, na kwa bahati hivyo ndivyo Wagenova wanavyokula trenette, tambi zao ndefu bapa. Maji lita 4, chumvi gramu 40, viazi vya vipande vidogo na maharage vinatangulia dakika tano, kisha trenette gramu 400 humohumo. Unachota upawa mmoja wa maji ya tambi kabla ya kuchuja, unalegezea pesto pembeni, mbali na moto. Ukiipasha jikoni, jibini inajikunja madonge na mrehani unanyauka.

Signora akabisha hodi saa saba kamili. Akavuta pumzi mlangoni, akasema minestrone yangu ina harufu ya nguo safi. Nikamwambia imeahirishwa, leo ni trenette. Akainua nyusi, akaomba akanawe mikono.

Akakawia. Maji yalifunguliwa, yakafungwa, yakafunguliwa tena. Trenette zikaanza kushikana kwenye bakuli. Hatimaye akatoka bafuni, kiganja kimoja wazi, na juu ya kiganja ganda langu la Parmigiano, limesuguliwa upande mmoja mpaka limekuwa laini kama kioo. Alikuwa amekwisha kulinusa, maana swali lake lilikuwa la mtu anayejua jibini.

"Hii ni ya miezi mingapi?"

Mjomba hajui Kiitaliano, lakini kipande alikitambua palepale. Akaniinamia, akaninong'oneza kwa huruma ya dhati:

"Mwambie mama wa watu asijisumbue, hiyo haitoi povu hata kidogo."